Mwezi Huigwa, Kivuli Hakiigwi: Maoni juu ya Picha za Bahari katika Mbalamwezi

Miongoni mwa picha zinazopendwa na watu wetu, wa pwani na wa bara, iko moja ambayo kila mtu ameiona ijapokuwa hawezi kutaja jina la mchoraji wake. Ni picha ya bahari usiku. Mwezi mkubwa umesimama juu ya upeo wa maji. Njia ya fedha yatoka kwake mpaka ufukoni. Jahazi limetweka tanga. Minazi miwili mitatu imeinama kana kwamba yasikiliza. Picha hii huuzwa katika maduka ya Mji Mkongwe wa Unguja na katika vibanda vya Dar es Salaam. Wageni huinunua wakaenda nayo kwao, na wenyeji huinunua wakaitundika sebuleni. Imepata wanunuzi, imepata kuta, imepata sifa. Lakini haijapata mhakiki. Shairi likitungwa vibaya katika lugha yetu, hawakosekani wazee wa kusema kwamba vina vimepotea au mizani imezidi. Picha husifiwa kwa neno moja tu, "nzuri", na neno hilo likisha kusemwa mazungumzo yamekwisha.

Makala haya yanakusudia kuyafungua mazungumzo hayo kwa Kiswahili. Dai langu ni moja, nalo naliweka mbele ili msomaji apate kulipima tangu mwanzo: picha ya mbalamwezi haihukumiwi kwa mwezi wake, huhukumiwa kwa kivuli chake. Mwezi waweza kuigwa. Mtu yeyote mwenye sahani na penseli huweza kuuzungushia mstari, na mwezi wa kalenda iliyopigwa chapa Ulaya huhamishika juu ya kitambaa bila taabu. Kivuli hakiigwi hivyo. Kivuli hueleza mchoraji alisimama wapi, saa ngapi, akiukabili upande gani, na maji yalikuwa yamejaa au yamekupwa. Aliyekuwapo hukijua, asiyekuwapo hukibuni, na ubuni wake huonekana.

Hapana shaka msomaji wa pwani atauliza mtu aandikaye kutoka Mwanhuzi anajua nini juu ya bahari. Swali ni la haki. Mwanhuzi ni makao makuu ya wilaya ya Meatu, katika mkoa wa Simiyu. Ni nchi ya pamba, ya ng'ombe na ya mibuyu, na kutoka hapa mpaka Bahari ya Hindi ni zaidi ya kilometa 500. Hata Ziwa Viktoria, ambalo maji ya mto Simiyu huishia humo, li mbali nasi zaidi ya kilometa 100. Lakini wahenga walisema kwamba maji ya kifuu ni bahari ya chungu, na mithali hii aghalabu husemwa kwa kumcheka chungu. Mimi naiona pia kwa upande wa pili. Chungu akiyatazama kwa bidii maji ya kifuu chake, huweza kujifunza jambo la kweli kuhusu maji. Na kuhusu mwezi, mtu wa bara hana upungufu wowote. Katika uwanda usio na taa nyingi, mbalamwezi ni kitu kinachotembelewa, kinachofanyiwa kazi, kinachochezewa ngoma. Kivuli cha mbuyu juu ya udongo mweupe wakati wa kiangazi ni somo ambalo mkazi wa mji wenye taa barabarani amekwisha kunyimwa.

Yafaa kwanza tuziangalie zana tulizo nazo za kusemea jambo hili. Wapo wadhanio kwamba lugha yetu haina maneno ya kuhakiki picha. Dhana hiyo haina msingi. Kiswahili hutenga *kivuli* na *uvuli*: kivuli ni umbo la giza ambalo kitu hulitupa chini au ukutani, na uvuli ni mahali pa ubaridi ambapo mtu huketi kujikinga na jua. Mchoraji anahitaji yote mawili, kwani kivuli kina ukingo na uvuli una kina. Lugha hutenga *nuru* na *mwanga*, na juu ya hayo ina neno maalumu, *mbalamwezi*, kwa nuru ya mwezi peke yake. Ina *utusitusi* kwa hali iliyo kati ya kuona na kutoona, na ina *giza totoro* kwa hali ya kutoona kabisa. Ina *kiwi* kwa upofu wa kitambo uletwao na nuru nyingi. Maji *humetameta* na jua *hung'aa*, wala maneno haya hayabadilishani nafasi bila hasara. Mwenye maneno haya amekwisha pewa nusu ya uhakiki. Iliyobaki ni kuyatumia mbele ya picha.

Sasa mbalamwezi ni kitu gani? Mwezi hauna nuru yake; hurudisha nuru ya jua, na nuru ya mwezi mpevu ni dhaifu kuliko ya jua takriban mara 400,000. Jicho la mwanadamu hufanya kazi katika unyonge huo kwa namna nyingine. Katika karne ya 19 mwanachuoni wa Bohemia, Jan Purkyně, alieleza kwamba nuru ipunguapo, wekundu huanza kuzama katika weusi ilhali rangi ya samawati hubaki kuonekana kwa muda zaidi. Nuru ipunguapo zaidi, rangi zote karibu zatoweka na kubaki weupe, weusi na daraja zilizo baina yake. Kwa hiyo kanga nyekundu chini ya mbalamwezi si nyekundu, ni kitu cheusi chenye mwendo. Buluu tuionayo usiku haimo katika nuru ya mwezi. Imo zaidi katika jicho letu. Mchoraji apakaye bahari ya mbalamwezi kwa buluu kali na vazi la mvuvi kwa wekundu mkali amechora mchana, kisha akautia mwezi.

Hapa ndipo ulipo ugumu wa sanaa hii. Picha ya usiku hutazamwa katika chumba chenye mwanga. Mchoraji hawezi kuweka giza lenyewe ukutani, maana hakuna atakayeliona. Wala hawezi kuweka nuru yenyewe, maana rangi nyeupe iliyo nyeupe kuliko zote haiwaki. Alicho nacho ni uhusiano. Weupe mdogo huonekana kuwa nuru ikiwa tu umezungukwa na giza lililopangwa kwa daraja. Kila anapoongeza mahali pa nuru, hupunguza nguvu ya mwezi. Akitaka mwezi uwake, hana budi kunyima vitu vingine. Kuchora mbalamwezi ni kazi ya kunyima.

Mabwana wa sanaa hii katika nchi nyingine walilijua hilo. Mwaka 1796 Mwingereza J. M. W. Turner, kijana aliyezaliwa 1775, alionyesha katika Royal Academy ya London picha yake ya kwanza ya rangi za mafuta mahali hapo: wavuvi baharini usiku, karibu na majabali ya Needles katika kisiwa cha Wight. Mwezi umepasua mawingu juu, na ndani ya mashua kuna taa ndogo. Ustadi wa picha umo katika kuwekwa kwa nuru hizi mbili pamoja. Ya mwezi ni pana na baridi. Ya taa ni ndogo na ya joto, nayo yamulika watu wachache tu. Baina ya nuru hizo mbili pana maji meusi yaliyoinuka. Mtazamaji haambiwi kwamba wavuvi wamo hatarini. Giza lililo kati ya mwezi na taa lamwambia. Turner angeiondoa taa, tungekuwa na mandhari. Angeyaondoa maji meusi, tungekuwa na pambo. Kivuli ndicho kiletacho habari.

Mfano wa pili ni wa Arkhip Kuindzhi, mchoraji wa dola ya Urusi. Mwaka 1880 alionyesha Saint Petersburg picha moja tu, usiku wa mbalamwezi juu ya mto Dnieper, katika chumba kilichotiwa giza, taa ikielekezwa kwenye picha yenyewe. Husimuliwa kwamba baadhi ya watazamaji walichungulia nyuma ya kitambaa kutafuta taa iliyofichwa. Atazamaye leo nakala ya picha hiyo ataona kwamba sehemu iliyo kubwa ni giza: mbingu ya usiku, nchi nyeusi, na katikati mto unaong'aa kwa kipande tu. Kuindzhi alitoa karibu eneo lote la kitambaa chake kuwa sadaka kwa ajili ya kipande hicho. Picha hiyo ina funzo jingine la huzuni: baadhi ya rangi alizotumia hazikudumu katika hali yake, zikawa nyeusi zaidi kwa kupita miaka. Anayejenga kwa daraja nyembamba za giza hana budi kuzijua rangi zake kama fundi wa dau anavyozijua mbao, maana daraja mbili zikiungana, kipande cha ulimwengu kimefutika.

Lakini haifai tuchukue mizani ya Urusi na Uingereza tukaileta pwani yetu bila kuipima tena. Bahari yetu ina sheria zake, na mwezi wetu una desturi zake. Nataja tatu tu.

Ya kwanza ni umbo la mwezi mchanga. Katika nchi za kaskazini, mwezi ukiandama huonekana umesimama, kama upinde uliowekwa wima. Kwetu, karibu na mstari wa Ikweta, aghalabu hulala chali, ncha mbili zikielekea juu, kama mtumbwi ulio majini. Mtoto yeyote aliyeungojea mwezi wa Ramadhani amekwisha kuliona jambo hili. Hata hivyo, picha nyingi za jahazi la Kiswahili zina mwezi uliosimama wima, nao ni mwezi wa kitabu kilichotoka kaskazini. Mchoraji alikuwa na mtumbwi wa mbinguni juu ya kichwa chake kila mwezi, akauacha akachukua upinde wa watu wengine. Usiache mbachao kwa msala upitao.

Ya pili ni upande. Mwezi mchanga huonekana magharibi baada ya jua kutua. Mji Mkongwe wa Unguja hukabili magharibi. Hivyo mwezi mchanga juu ya bahari wakati wa magharibi ni kweli tupu mahali hapo. Bagamoyo hukabili mashariki. Mwezi mchanga wa jioni hutua nyuma ya mji, juu ya nchi kavu, na mwezi mwembamba juu ya bahari yake ni mwezi mkongwe wa alfajiri. Mwezi mpevu hugeuza mambo: Bagamoyo huuona ukizaliwa kutoka baharini wakati jua linatua, ilhali Mji Mkongwe huuona juu ya maji usiku ukisha kuwa mkuu, ukishuka kuelekea mapambazuko. Kwa hiyo bahari ya mwezi mpevu ya Bagamoyo ni picha ya mwanzo wa usiku, watu wangali macho; na ya Mji Mkongwe ni picha ya mwisho wa usiku, mji umelala. Nyoyo za picha hizi mbili haziwezi kuwa moja.

Ya tatu ni maji. Mwezi ukiwa mpevu, au ukiwa ndiyo kwanza uandame, pwani huwa na bamvua. Maji hujaa sana na kupwa sana, na katika Unguja tofauti yaweza kukaribia mita 4. Siku za bamvua katika pwani ya Unguja na Dar es Salaam, maji hujaa takriban saa 10 jioni na saa 10 alfajiri, yakapwa takriban saa 4 usiku na saa 4 asubuhi. Wavuvi huyajua haya bila kitabu. Basi mwezi mpevu ukichomoza Bagamoyo maji yamekwisha kuanza kutoka. Na ufikapo juu kiasi cha kutupa vivuli vifupi vya minazi, ufuko u wazi, mchanga umelowa, vyombo vimelala ubavu. Picha yenye mwezi mpevu juu sana saa 4 za usiku na maji yaliyojaa mpaka kwenye mashina ya minazi ni picha ya bahari isiyokuwapo.

Baada ya maneno haya ya jumla nataka kuitazama picha moja. Imetundikwa katika mkahawa mmoja hapa Mwanhuzi, juu ya meza yenye birika la chai. Haina sahihi, mwenye mkahawa anajua kwamba ilitoka pwani, wala hajui zaidi. Imechorwa kwa rangi ya mafuta juu ya kitambaa, upana wake ukipata mita moja. Mwezi mpevu u katikati, mkubwa kama sinia. Jahazi lapita chini yake, tanga lake jeupe. Upande wa kulia kuna minazi mitatu, na chini yake wanawake wawili wenye kanga nyekundu. Maji yamejaa. Katika pembe ya chini kushoto, mahali ambapo aliyeitia fremu amekata kidogo, kuna ngalawa.

Ukubwa wa mwezi sitaulaumu. Kwa kipimo, mwezi huzibwa na ncha ya kidole kidogo mkono ukinyooshwa. Lakini kila mtu huuona mkubwa ukiwa karibu na upeo, na mchoraji ana haki ya kuchora kile ambacho moyo umekiona. Tanga ni shauri jingine. Mwezi u nyuma ya jahazi, na upande wa tanga unaotukabili ni ule uliopewa kisogo na nuru. Ungalikuwa mweusi, au wa utusitusi, labda kitambaa chake kikipitisha nuru kidogo kwenye kingo. Mchoraji ameupaka weupe wa chokaa. Matokeo ni kwamba tanga lashindana na mwezi, na vyote viwili vyapungua. Vivuli vya minazi vyaanguka kuelekea baharini, yaani kuelekea mwezi wenyewe, jambo ambalo nuru haikupata kulifanya tangu kuumbwa ulimwengu. Kanga ni nyekundu kama saa 6 ya mchana. Na njia ya mwezi juu ya maji imechorwa kama ubao ulionyooka, upana mmoja toka mwanzo hata mwisho, kana kwamba mawimbi hayapo. Njia ile kwa kweli ni vioo vidogo elfu na elfu. Kila wimbi hurudisha kipande chake, na bahari ikichafuka kidogo njia hupanuka na kukatikakatika. Tena ni mali ya mtazamaji mmoja mmoja. Watu wawili wakisimama ufukoni mbali mbali, kila mmoja huona njia ya mwezi ikija miguuni pake. Ndiyo maana njia hiyo, ikichorwa sawasawa, hutufanya tujione tumesimama mahali. Ikichorwa kama ubao, hatusimami popote.

Tuifikie sasa ile ngalawa. Imelala ubavu juu ya mchanga. Ubavu unaotukabili ni mweusi, ila mstari mwembamba wa nuru wapita juu ya ukingo wake. Kivuli chake chaja kwetu, kizito chini ya mwili wa chombo na chepesi kadiri kinavyoenea. Mbele yake kuna kidimbwi kilichoachwa na maji, na ndani ya kidimbwi vipande vitatu vya nuru, wala havikukaa kwa mpango. Mchanga umelowa, una mng'ao hafifu usioweza kuitwa rangi. Kila kitu katika pembe hii ni sahihi: upande wa kivuli, daraja za giza, hata maji kukupwa, ambako ndiko kuafikianako na mwezi mpevu uliopanda. Katika kitambaa kimoja zimo bahari mbili. Moja imejaa na moja imekupwa. Moja imenunuliwa na moja imekumbukwa. Hapana shaka mchoraji huyu aliwahi kusimama ufukoni usiku, akaona. Alipofika katikati ya kitambaa, mahali ambapo mnunuzi hutazama kwanza, hakuliamini jicho lake, aliliamini soko. Pembeni, mahali ambapo hakutazamia kuulizwa, alisema kweli. Fremu ikaikata.

Nimeieleza picha hii kwa urefu kwa sababu yaonyesha kwamba kosa la picha za namna yake halitoki katika ukosefu wa kipawa. Mkono uliochora ngalawa ile ulikuwa na uwezo wa kuchora jahazi. Kilichokosekana ni mtu wa kumwambia mwenye mkono: *hapa pembeni ndipo ulipo wewe*. Hiyo ndiyo kazi ya uhakiki, na hiyo ndiyo hasara ya kuridhika na neno "nzuri".

Yuko atakayepinga akisema kwamba mchoraji si mtumwa wa jedwali la maji kujaa na kupwa. Nakubali, tena kwa moyo mmoja; na ushahidi wa kukubali u karibu nasi. Sam Ntiro, aliyezaliwa Machame mwaka 1923, akasoma Makerere kwa Margaret Trowell na kisha Slade School ya London, alichora mwaka 1956 picha ya wanaume wakimpelekea bibi arusi pombe ya ndizi wakati wa usiku. Leo imo katika Museum of Modern Art ya New York. Ntiro anajulikana kwa watu wake wengi wadogo wanaoshirikiana kazini kati ya migomba na vilima, na hakujishughulisha sana na kivuli kiumbacho mwili. Usiku wake ni usiku wa habari: twajua ni usiku kwa sababu ya jambo litendekalo, kama msimuliaji asemavyo "ikawa usiku" tukaamini. Chui wa Edward Saidi Tingatinga, aliyeanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 na kufariki 1972, hana kivuli, wala hakihitaji. Asimama juu ya rangi tupu kama neno juu ya karatasi. Na hapa Usukumani, wacheza nyoka walikuwa na michoro yao katika kuta za ndani za nyumba zao, ambayo Hans Cory aliiandikia kitabu kilichotoka mwaka 1953. Michoro ile ilikuwa na kazi ya kufundisha waliokwisha kuingizwa chamani, na mwanafunzi wa chama hakuuliza nuru yatoka upande gani.

Wachoraji hawa wote waliacha kivuli kwa kujua. Waliweka badala yake kitu kingine: habari, umbo, mafundisho. Picha ya mkahawani imeahidi jambo jingine. Imetuwekea nuru, imetuwekea umbali, imetuwekea vivuli juu ya mchanga. Yataka tuamini kwamba jicho limeona. Aliyejitwika ahadi ya jicho ataulizwa kwa jicho. Mtungaji wa masivina haulizwi vina vya kati, lakini aliyejitangaza kuwa atunga utenzi ataulizwa kina cha mwisho wa kila ubeti. Uhuru wa sanaa ni uhuru wa kuchagua sheria. Asiyejua kwamba iko sheria hakuchagua kitu.

Jambo hili lina uzito zaidi ya mapambo ya ukuta. Katika shule nyingi za bara, mwanafunzi anayependa kuchora hujifunza kwa kunakili picha iliyokwisha kuchorwa. Akipewa bahari, hunakili bahari ya mtu aliyenakili bahari ya mtu mwingine. Kwa njia hiyo mwezi wa wima hufika Meatu, na kijana ambaye kila mwezi huuona mwezi umelala chali juu ya mashamba ya pamba huona haya kuuchora ulivyo, kwa kuwa "picha" haziko hivyo. Amefundishwa kwamba kweli iko kwenye karatasi ya wengine na kwamba macho yake mwenyewe ni ya ushamba. Hapo ndipo penye hasara kubwa, nayo haiwahusu wachoraji peke yao. Mwanafunzi wa ushairi apachikaye mawimbi na matumbawe katika beti zake kwa sababu washairi wakubwa walikuwa wa pwani yumo katika chombo hicho hicho.

Dawa si kumkataza mtu wa bara asichore bahari. Ivan Aivazovsky, aliyeishi 1817 hata 1900 na kuchora bahari kwa sehemu kubwa ya maisha yake huko Feodosia kando ya Bahari Nyeusi, alishika kwamba mwendo wa mawimbi na upepo hauwezi kunaswa kwa brashi papo hapo mbele ya maji. Mchoraji hutazama, huhifadhi, kisha huchora chumbani kwa kumbukumbu. Ikiwa aliyekaa ufukoni alichora kwa kumbukumbu, mlango haukufungwa kwa aliye mbali. Sharti ni moja: awe na kitu cha kukumbuka. Na kitu hicho chapatikana hapa. Lambo la kunyweshea ng'ombe, mwezi mpevu ukichomoza nyuma yake, lina njia ya mwezi iliyo kamili; upepo ukivuma, njia hupanuka; ng'ombe aliyesimama kati yetu na nuru huwa mweusi pia hata kama mchana alikuwa mweupe. Mwanafunzi akae hapo nyusiku tatu bila penseli. Usiku wa nne achore lambo. Akija kuiona bahari siku moja, ataijua kwa ndugu yake. Na hata asipoiona, atakuwa na picha moja ya kweli, jambo ambalo wachoraji wengi wa jahazi hawanalo.

Nilisema mwanzoni kwamba picha ya bahari katika mbalamwezi haijapata mhakiki. Sidai kwamba sasa amepatikana. Nadai kwamba kazi yake yajulikana na zana zake zimo katika lugha yetu. Aulize nuru yatoka wapi, kivuli chaanguka wapi, maji yako wapi, na mwenye kutazama amesimama wapi. Majibu manne yakipatana, picha ina mwenyewe. Yasipopatana, mhakiki asiondoke bado; achungulie kwanza pembeni, chini ya fremu, asije akakosa kuiona ngalawa.